Acha Mchezo

Katika miaka yangu thelathini na sita ya ualimu, kumi na miwili ya mwisho nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, sidhani kama kuna maneno niliyoyasema mara nyingi kuliko haya mawili: acha mchezo. Niliwaambia watoto wa shule, nikawaambia wanachuo, na nyumbani nikawaambia wanangu. Katika lugha yetu mtu asiyeijali kazi yake tunasema anaifanyia mchezo, na hapo hukumu imekwisha kutolewa. Basi mwanangu aliponipigia simu mwaka jana, akiniomba nimwite mjukuu wangu nimkanye, nilikuwa na maneno ya kumwambia kijana kabla sijajua kosa lake.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Kijana amesomea kompyuta chuo kikuu, akapata nafasi benki, akaikataa. Anataka kufundisha sekondari mchana, na jioni atengeneze michezo ya kompyuta. Baba yake alichukizwa na yote mawili, ualimu na michezo. Hilo la ualimu nililimeza kimya.

Alipokuja akaniamkia, nikamwitikia, kisha nikamwambia, "Nasikia unataka kucheza maisha yako yote."

"Si kucheza, Babu. Kutengeneza."

Akanisimulia habari ya vijana watatu wa Minnesota, Marekani. Mwaka 1971 Don Rawitsch alikuwa mwanachuo katika mazoezi ya kufundisha, akifundisha historia. Alitakiwa kufundisha safari za wahamiaji waliokwenda magharibi kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe katika karne ya 19. Wenzake wawili, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, walikuwa wanachuo wa hisabati. Katika muda wa majuma mawili hivi wakatunga mchezo wa kompyuta uitwao The Oregon Trail. Hapakuwa na kioo cha kutazama. Palikuwa na mashine ya kupiga chapa iliyounganishwa na kompyuta ya mbali kwa waya wa simu, nayo ilijibu kwa kuchapa kwenye karatasi. Watoto walizunguka mashine moja wakiamua pamoja: tununue chakula kiasi gani, tuwinde au tuendelee? Muhula ulipokwisha Rawitsch akaifuta programu, akabaki na karatasi zake. Mwaka 1974, alipoajiriwa na taasisi ya kompyuta za shule ya jimbo lile, akaipiga chapa upya yote. Mchezo ukaenea shule nyingi za Marekani, ila wale watatu hawakupata mrabaha.

Kilichonikamata ni jambo dogo. Rawitsch alisoma shajara za wasafiri wenyewe, akahesabu magonjwa na ajali zilivyowapata, kisha akarekebisha bahati za ndani ya mchezo zifuate hesabu ile. Hayo ndiyo maandalio ya somo niliyowadai wanachuo miaka yote. Kasoro ninayoiona ni kwamba safari ile mtoto aliiona kwa macho ya wahamiaji, si kwa macho ya wenyeji waliokuwa wakipokonywa nchi. Lakini kasoro hiyo nimeikuta pia katika vitabu vya kiada nilivyovipitisha kwa mkono wangu.

Wakati kijana anasimulia, mimi nilikuwa mahali pengine. Mwaka 1988, nikiwa mkufunzi, nilikwenda kumkagua mwanachuo mmoja aliyekuwa akifundisha Hisabati Darasa la Nne. Nikamkuta amewatoa watoto nje, wamechimba mashimo ya bao chini ya mwembe na wanagawanya kete. Kelele zilisikika hadi barabarani. Sikungoja dakika arobaini ziishe. Niliandika katika fomu kwamba mwalimu ameshindwa kudhibiti darasa na kipindi amekigeuza mchezo. Ikambidi arudie mazoezi, wenzake wakamtangulia kuajiriwa. Sikumwuliza hata mtoto mmoja kama ameelewa kugawanya. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na tangu utotoni nilijua kwamba mzee asiyejua hesabu hafiki mbali kwenye bao. Nilijua, nikaandika vile.

Msomaji asidhani kwamba baada ya hapo nilimbariki kijana mbio mbio. Kazi hii ina ubaya wake. Ipo michezo iliyopangwa kwa makusudi ili mtoto asiweze kuiacha, na ndani yake kuna masanduku ya bahati ya kununua kwa fedha; mwaka 2018 Ubelgiji iliamua kuwa masanduku ya aina hiyo ni kamari. Shirika la Afya Duniani nalo limeuingiza ulevi wa michezo katika orodha yake ya maradhi, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Riziki yake pia si ya kuaminika: Januari 2024 Microsoft ilitangaza kupunguza wafanyakazi 1,900 katika idara yake ya michezo. Haya niliyasoma ili nimshinde, akayajibu kwa utulivu. Ndiyo maana, alisema, anataka darasa: apate mshahara, na awepo mtoto wa kumwambia usoni kwamba mchezo wake haufai.

Nikamwuliza, mtoto akikupa saa moja ya maisha yake, utamrudishia nini? Akanyamaza. Nilifurahi kidogo kwa kunyamaza kwake, kisha nikaona haya. Katika vipindi vyote nilivyovifundisha nikiwa nimechoka, au nikisoma tu yale maandalio ya mwaka uliopita, swali hilo sikuulizwa na mtu.

Simu ya mwanangu sikuipiga jioni ile. Kijana alitoa kompyuta yake akanionyesha anachotengeneza: mkulima anayeamua apande nini na lini, mahindi au mtama, kwa kutazama mvua. Alitaka takwimu. Nikaenda ndani nikatoa madaftari yangu ya shamba, maana mimi huandika kila gunia. Mwaka mzuri ekari moja ilinipa magunia kumi. Mwaka 1997, mvua zilipokatika mapema, nilipata mawili. Yeye alitaka kuandika manne, mchezaji asije akakata tamaa. Tulibishana hadi chai ikapoa, na mwisho akaandika mawili.