Shukrani ya Mikono

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu yangu Muislamu, katika mabaraza yetu husikika sana maneno mawili. La kwanza ni kuwa mwenye kumshukuru Mola wake hukaa na alichojaaliwa, wala hahangaiki kutafuta njia mpya ya kazi. La pili ni kuwa kila kilicho kipya ni bidaa, basi ni heri kukiepuka. Mwenye kuyashika maneno haya kwa ujumla wake, bila ya kupambanua, huona kuwa kulala kwa mikono yake ni uchaji wa Mungu. Twataka kuyapima maneno haya kwa mizani ya ilimu, kwani madhara yake si madogo: yawafikia watoto wetu na riziki zao.

Kwanza yatupasa kujua maana ya shukrani. Imamu Ghazali, naye ni katika wakubwa wa madhehebu yetu ya Kishafii, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), ameeleza katika Ihya kuwa shukrani ina mambo matatu: ilimu, hali na amali. Ilimu ni kuijua neema na kumjua aliyeitoa. Hali ni furaha ya moyo kwa ajili ya Mpaji. Amali ni kuitumia neema katika lile alipendalo Mpaji. Kisha akapiga mfano wa mfalme aliyempelekea mtumwa wake wa mbali farasi, na nguo, na masurufu ya njiani, ili apate kumkaribia. Akimpanda farasi akaenda kwa bwana wake, ameshukuru. Akimpanda akaenda mbali naye, amekufuru neema ile. Na akikaa tu, asimpande kwa kwenda wala kwa kukimbia, huyo naye amekufuru neema, kwani ameiacha bure, ingawa kosa lake ni dogo kuliko la yule aliyekimbia.

Basi tazama, ewe ndugu yangu. Sisi twaogopa sana kuwa yule wa pili, lakini wangapi katika sisi ni wale wa tatu? Akili ni farasi, mikono ni farasi, na macho yaonayo kasoro ya kitu na namna ya kuitengeneza ni farasi. Mwenye kusema Alhamdulillahi kwa ulimi mara mia kwa siku, na vipawa hivyo vimefungwa zizini, ameleta sehemu ya shukrani, na sehemu kubwa imebaki deni juu yake.

Na Qur'ani imetuonyesha jambo hili katika khabari za Nabii Dawud, alayhi ssalam. Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma, akamfundisha kufanya nguo za vita za kujikinga, na akamwamrisha azipime vizuri pete zake. Na jamaa zake wakaamrishwa watende kwa kushukuru. Angalia jinsi shukrani ilivyofanywa kuwa tendo, na jinsi amri ya mbinguni ilivyoshuka mpaka kwenye kipimo cha pete ya chuma. Na Mtume wetu, salla Llahu alayhi wa sallam, ametujulisha kuwa hapana chakula bora kuliko cha mtu alacho kwa kazi ya mkono wake, na kwamba Dawud alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake, naye ni nabii na mfalme.

Huenda mtu akasema: Na kinaa je? Twamjibu: Kinaa ni sifa ya moyo juu ya riziki iliyokwisha kufika. Si ruhusa ya kuacha kutenda. Imamu wetu Shafii, aliyezaliwa mwaka 150 wa Hijra, alikulia Makka katika uyatima na umasikini hata hakuweza kununua karatasi, akawa akiandika ilimu yake juu ya mifupa. Hakumnung'unikia Mola wake kwa kukosa karatasi, wala hakukaa akangoja karatasi. Aliridhika na mfupa, na kwa mfupa ule akafanya kazi ambayo ulimwengu unakula matunda yake mpaka leo. Hiyo ndiyo kinaa yenye uhai.

Ama neno la bidaa, Imamu huyo huyo imepokewa kwake kuwa yazushwayo ni namna mbili: yale yapinganayo na Kitabu, au Sunna, au athari, au ijmai, na hayo ni upotofu, na yale ya heri yasiyopingana na kitu katika hivyo, na hayo hayalaumiwi. Na kama kila chombo kipya kingalikuwa haramu, Mtume asingalikubali mimbari. Alikuwa akihutubu karibu na gogo la mtende, kisha akafanyiwa mimbari na mtumwa seremala wa bibi mmoja wa Kiansari, akapanda juu yake. Wala lisingalichimbwa handaki la Madina mwaka wa 5 wa Hijra, jambo ambalo Waarabu hawakulizoea. Zaidi ya hayo, Ghazali amehesabu kilimo, na ufumaji, na ushonaji, na hata kuumika, katika faradhi za kutosheleza: mji mzima ukikosa mtu wa kazi hizo, watu wake wote wameingia katika dhambi.

Sasa tutazame pwani yetu. Wazee wetu walipewa mawe ya matumbawe, na boriti za mikoko, na mnazi. Kwa mawe wakajenga nyumba za Lamu zenye zidaka za chokaa iliyonakshiwa. Kwa nyuzi za makumbi wakashona mtepe, chombo kisichokuwa na msumari wa chuma, na kwa miyaa wakakisukia tanga. Walipopewa herufi za Kiarabu, wakaona lugha yao ina sauti za p na ch na v ambazo Kiarabu hakina, wakaongeza nukta ili Kiswahili kiandikike. Hizi zote ni shukrani za mikono. Mji wa kale wa Unguja umetiwa katika urithi wa ulimwengu mwaka 2000, na wa Lamu mwaka 2001, nasi twafurahi. Lakini kujifakhiri kwa mlango aliouchonga babu si shukrani, ikiwa mjukuu hajui kushika patasi. Mtepe haukuzamishwa na adui. Uliachwa, na ustadi wake ukazikwa pamoja na waliokuwa wakiujua.

Hapa pana hatari ya upande wa pili, nasi hatuifichi. Karuni alipokumbushwa neema alidai kuwa amepewa kwa ajili ya ilimu aliyo nayo, akadidimizwa na nyumba yake. Kwa hivyo fundi asiisahau ilimu na hali, akabaki na amali peke yake. Aanzapo kazi na ataje jina la Mola wake, na amalizapo ajue kuwa mkono si wake. Na amshukuru mwalimu wake, na mkewe aliyempikia, na kijana aliyemshikia mbao, kwani Mtume ametufunza kuwa asiyeshukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu.

Nakuusia, ewe baba: umwonapo mwanao amekata kifuu akakitia mlingoti na kitambaa cha tanga, usimkemee kuwa apoteza wakati. Kaa naye, umuulize kwa nini chalala upande mmoja, kisha umkumbushe aliyempa akili ya kukiona. Atokapo chuoni amepata juzuu yake, mpe pia kazi ya mkono chini ya fundi mwaminifu, wala usimwambie kuwa kazi hiyo ni ya watu wa chini, ilhali Dawud alikuwa mfua chuma. Nawe mwenyewe, kila usiku kabla ya kulala, jiulize: leo nimepewa nini, na nimekitendea nini?

Mwenyezi Mungu atujaalie katika wenye kushukuru kwa nyoyo, na ndimi, na mikono. Wabillahi ttaufiki.