Uko na Nani?

Pale Malaba swali halikuwa gumu. Afisa alichukua kitambulisho changu, akaangalia picha, akaniangalia mimi, akarudi kwa picha (nilipigwa nikiwa na miaka kumi na minane, nikiwa na nywele za aibu), kisha akauliza kwa upole kabisa, "Uko na nani?"

Nikamwambia, "Niko peke yangu, afande."

Wakati huo ndugu yangu alikuwa nyuma ya boda, chini huko mtoni, anavukishwa na kijana ambaye hufanya kazi hiyo kama wengine wanavyouza mahindi choma. Nilipomaliza na meza zangu, kutoka huku na kuingia kule, nilimkuta ameshafika ng'ambo, amekalia kreti ya soda, anakula ndizi. "Umechelewa, bana," akaniambia. Tukacheka. Tukapanda matatu ya Mbale, na jiwe kubwa la Tororo likabaki dirishani kwa muda mrefu, na mimi sikuongea mpaka tulipolipita.

Kwa wasiojua, mambo ya vitambulisho mpakani yako hivi. Tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa tu, na Mganda vilevile anakuja huku na chake. Tanzania bado inataka pasipoti au hati ya muda. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano, beba pia. Malaba siku hizi unavuka daraja kwanza, halafu unakuta maafisa wa nchi zote mbili wako pamoja ng'ambo, unamaliza yote mahali pamoja. Dakika kumi, kama foleni ni nzuri. Kadi ndogo ya plastiki, saizi ya kadi ya benki, na dunia inakufungukia.

Ndugu yangu hana hiyo kadi. Hana hata ile karatasi ya kusubiria. Na nikisema ndugu, nieleze.

Sisi tunakaa Kapseret, ile barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Eldoret. Mama yake alikuja kwa ploti yetu na mtoto mgongoni, akitoka upande wa Mbale, kutafuta kazi za kufulia watu. Baba wa mtoto alikuwa mwanamume wa huku ambaye jina lake lilitajwa mara mbili tatu, kisha likaacha kutajwa. Tulipokuwa darasa la tatu yule mama akaugua, na hakupona. Mamangu hakuitisha mkutano. Jioni hiyo alipika ugali wa watu watano badala ya wanne, na tangu siku hiyo tumekuwa watano. Kuasili mtoto kisheria? Hakujua kuna kitu kama hicho. Alijua kuna mtoto, na ana njaa.

Leo huyo mtoto ni fundi wa kuchomelea, ana kibanda Langas, na mageti yake yamesimama Kapseret nzima. Ukienda kwa nyumba ya mtu huku, kuna uwezekano umefunguliwa na kazi ya mikono yake. Lakini hawezi kusajili laini kwa jina lake, hawezi kufungua akaunti, hajawahi kupiga kura. Geti moja tu ndilo hapiti, na si yeye aliyelichomelea.

Safari ya Mbale ilikuwa ya mazishi. Mjomba wake alikuwa amefariki, ndugu wa mwisho wa mama yake. Ingekuwa matembezi angebaki nyumbani, maana njia ya panya si mchezo, ukishikwa umeshikwa. Lakini mjomba anazikwa mara moja.

Nimejitetea mara nyingi kuhusu lile jibu langu. Ningesema nini? "Niko na ndugu yangu, yuko mtoni"? Ningemchoma. Uongo wa kumlinda mtu si uongo wa kumdhuru, hata mtoto anajua hiyo. Ila nikikaa na ukweli usiku, najua mdomo wangu ulijibu kabla akili haijafikiria yeye. Nilijilinda mimi. Niliona ile kadi yangu mkononi mwa mtu mwingine, nikataka inirudie, basi.

Nimeanza kufikiri hilo ndilo jambo tunalolikosea kuhusu kitambulisho. Tunadhani kinasema wewe ni nani. Hakisemi. Uso wangu unasema hivyo vizuri zaidi, na mamangu anasema vizuri kuliko uso. Kitambulisho kinasema kwamba siku moja watu fulani walisimama upande wako: mzazi akaleta kadi yake, mzee wa mtaa akatikisa kichwa, chifu akapiga muhuri. Ni ushahidi wa wengine uliogandishwa kwenye plastiki. Unaubeba mfukoni mpaka unasahau kwamba si wako, uliazimwa. Kwa hiyo mtu akiulizwa "kadi yako iko wapi?", anaulizwa kwa lugha nyingine, "nani alikusemea?"

Na historia yake inajulikana. Sisi bado tunaita kitambulisho kipande, bila kufikiria. Kipande cha kwanza kilikuwa cha mkoloni: sheria ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza, na mwanamume Mwafrika wa kuanzia miaka kumi na sita alitembea na karatasi yake ndani ya kikopo cha chuma, kamba shingoni. Ndani kulikuwa na alama za vidole na rekodi ya kazi na mwajiri. Harry Thuku na wenzake walikipinga mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kile kikopo hakikuuliza wewe ni nani. Kiliuliza wewe ni wa nani, ukitoroka urudishwe kwa nani.

Ushahidi nao unaweza kukugeukia. Mtu wa Langas hahitaji kuelezwa. Januari 2008, kwenye vizuizi vya barabara huku kwetu, vijana waliitisha vitambulisho, na jina moja lilitosha. Nilikuwa mdogo, nakumbuka moshi zaidi kuliko watu. Kadi ileile ambayo ingekupitisha Malaba ndiyo ingekuzuia kabla hujafika huko. Na wale waliofika, maelfu, walivuka kuingia Uganda kama wakimbizi, wengine vitambulisho vikiwa vimeungua pamoja na nyumba. Huyo hapo Mkenya halisi, mwenye karatasi zote jana yake, amesimama mpakani mikono mitupu kama ndugu yangu.

Sisemi mpaka uondolewe. Kuna watu hupitisha watoto wa wenyewe kwenye njia hizo hizo za panya, na kama ningekuwa mzazi wa mtoto aliyepotea ningetaka kila afisa aulize mara tatu. Swali "uko na nani" ni swali zuri. Shida yangu ni kwamba tunaliuliza kwa aliyesimama mbele ya meza peke yake, kana kwamba jibu liko kwake.

Hannah Arendt, ambaye aliishi miaka mingi bila uraia wa nchi yoyote baada ya kuwakimbia Wanazi, aliona kwamba kabla ya haki nyingine zote mtu anahitaji kwanza jamii inayokubali kwamba yeye ni wao. Bila hiyo, haki za binadamu zinabaki hewani. Alifika hapo kwa kuangalia Ulaya. Angeweza kufika hapo kwa kukaa asubuhi moja nje ya ofisi ya chifu, popote.

Sheria zetu zenyewe zinakiri hivyo, ukizisoma polepole. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, inasema ni raia kwa kuzaliwa yule ambaye mama au baba yake alikuwa raia. Kisha inaongeza kitu kizuri: mtoto akipatikana Kenya, akionekana hajafika miaka minane, na uraia wake na wazazi wake hawajulikani, anahesabiwa raia. Nilisoma hiyo mara mbili. Yaani ndugu yangu angeokotwa kwenye mtaro pale Kapseret, hana jina, angekuwa Mkenya. Kosa lake ni kwamba mama yake alijulikana. Na baba yake anajulikana pia, ila na mtu mmoja tu ambaye ndiye baba mwenyewe, na huyo amenyamaza. Uraia wa mtu mzima, fundi, mlipa kodi ya kibanda, umekaa ndani ya mdomo wa mwanamume asiyetaka kuongea.

Kwa hiyo mwaka jana nikaja na wazo. Nikamwambia mamangu aapishwe. Aandike kwamba yeye ndiye aliyemzaa. Nani atabisha? Fomu zote za shule, tangu darasa la tatu mpaka kidato cha nne, kwenye nafasi ya mzazi kuna jina lake.

Mamangu alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa. "Fomu ya shule iliuliza nani atalipa karo," akasema. "Hii inauliza nani alimzaa."

"Lakini mama, si ni kitu kimoja?"

"Si kimoja. Mimi nilimwona akiwa anatambaa. Kuzaliwa kwake sikuona. Na kuna mwanamke alilala hospitali siku hiyo. Nikisema ni mimi, yeye nimempeleka wapi?"

Nilikasirika sana. Nilimwona kama mtu anayechagua kuwa msafi huku mtoto wake anazama. Bado sijaamua kama nilikosea. Kuna siku nadhani ukweli wake ni anasa ya mtu mwenye kadi. Kuna siku nadhani yeye peke yake, kati yetu wote, ndiye aliyekataa kumfuta yule marehemu. Mimi nilimfuta mwanawe pale Malaba kwa maneno matatu.

Na yule marehemu, kumbe, alikuwa bado yuko. Tulipofika kwenye matanga huko Mbale, kabla hatujasalimia mtu, bibi kizee mmoja alikuja kwa ndugu yangu, akamshika uso kwa mikono miwili, akautazama, kisha akatamka jina la mama yake. Alilitamka kama mtu anayeita, si kama anayeuliza. Sikuwahi kulisikia jina hilo kwa sauti tangu nikiwa darasa la tatu. Wazee wakamsimamisha mbele ya waombolezaji, wakamtaja: huyu ni wa fulani, binti wa fulani, wa nyumba ile pale. Nikatafsiriwa. Hakuna aliyeitisha chochote. Ndugu yangu, ambaye Kigisu chake ni cha salamu tu, alisimama pale akilia kama mtoto, na mimi nilisimama kando kama mgeni, ambaye ndiye niliyekuwa.

Baadaye mzee mmoja akatueleza jambo ambalo sikulijua. Katiba ya Uganda ya 1995 inamhesabu mtu aliyezaliwa Uganda kuwa raia kwa kuzaliwa kama mzazi wake au hata babu au bibi yake ni wa jamii zilizokuwapo Uganda kufikia tarehe 1 Februari 1926. Wagisu wamo. Mashahidi wapo, kijiji kizima. Kitambulisho cha Uganda kinawezekana, na kwa hicho atavuka Malaba mchana, darajani, kama mimi.

Kuna kichekesho hapa. Mpaka 1902, Uasin Gishu yote, Kapseret ikiwemo, ilikuwa upande wa Uganda. Waingereza wakahamisha mkoa mzima kwa kalamu, wakauunganisha na himaya ya Afrika Mashariki iliyokuja kuitwa Kenya. Mwaka uliofuata walipotaka kuwapa Wayahudi makazi kwenye nyanda hizi, mpango wenyewe bado uliitwa wa Uganda. Hakuna Mnandi aliyeulizwa. Kwa hiyo ndugu yangu na mama yake hawakuvuka kitu ambacho kimekuwepo tangu Mungu aumbe mlima Elgon.

Lakini kicheko kinaisha haraka. Akiichukua kadi ya Uganda, itakuwa kadi ya kweli, haina uongo hata mmoja. Itasema ukweli kuhusu damu yake na haitasema lolote kuhusu maisha yake. Kule amezaliwa kwa watu wasiojua anakunywa chai bila sukari. Huku ndiko alikong'oka meno, alikofiwa, ana deni la vyuma na msichana Langas. Chini ya utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ataruhusiwa kuingia Kenya na kukaa, miezi sita kama mgeni. Mgeni, Kapseret.

Tulirudi siku ya tatu. Njiani, kabla ya Malaba, kabla ya yeye kushuka kutafuta boda yake na mimi kwenda darajani, aliniuliza kama nilishawahi kuona ile fomu wanayojaza wageni.

"Nimeona. Jina, namba, unakotoka."

"Na unafikia kwa nani?"

"Hiyo pia huulizwa."

Akanyamaza kidogo. Dereva alikuwa anapunguza mwendo, makanga anagonga bodi. "Nikiichukua," akasema, "hapo nitaandika jina lako. Hutanikana tena?"

Sikuwa nimemwambia nilichojibu siku ile. Hakuwepo. Sijui alijuaje.

"Andika la mama," nikamwambia.