Mtu Si Rehani

Mfugaji wa Kajiado akitaka mkopo, aweza kuweka ng'ombe wake rehani. Mwenye kiwanja Kitengela aweza kuweka hati ya ardhi yake. Deni lisipolipwa, mali huuzwa na hesabu hufungwa. Lakini, ndugu msomaji, je, yafaa mtu mwenyewe awe rehani ya deni lake?

Swali hili si la kubuni. Mwaka 2010 akina mama wawili walijifungua katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi. Kwa kuwa hawakuwa na ada, walizuiliwa humo wasirudi kwao. Mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwazuilia kulivunja haki zao, akaamuru walipwe fidia.

Usidhani kuwa hospitali haina hoja. Dawa hununuliwa, wauguzi hulipwa mishahara, na taa haziwaki bure. Mwenye uwezo akitibiwa, kisha akatoroka bila kulipa, humdhulumu mgonjwa ajaye baada yake. Wahenga walisema kweli: dawa ya deni ni kulipa.

Hata hivyo, pima jambo hili. Aliyezuiliwa hawezi kwenda kazini, wala hawezi kupeleka mbuzi mnadani. Kitanda alalacho akiwa amekwisha kupona hukosekana kwa mgonjwa mwingine. Amedaiwa fedha, kisha amefungiwa njia ya kuzipata. Hapo deni halikupata dawa, limepata ugonjwa wa pili. Mwenye kudai anayo milango ya haki: mapatano ya kulipa kidogo kidogo, na shauri la madai mahakamani. Kifungu cha 28 cha Katiba ya Kenya chasema kila mtu ana heshima yake ya asili. Heshima hiyo haipungui mfuko unapopungua.

Lakini uhuru wa kutoka si ruhusa ya kusahau. Aliyefunguliwa mlango na sheria yampasa afungwe na dhamiri yake, arudi kulipa kadiri awezavyo. Nasi tulio wazima yatupasa kuchangia bima kabla ya maradhi, na kumchangia jirani kabla hajaaibika.

Ng'ombe ana bei, kiwanja kina bei. Siku tutakapompa mtu bei, nani kati yetu atakuwa salama?