Patasi Iwe Mkononi mwa Nani?

Mwalimu anayemalizia kazi ya mwanafunzi ili ipendeze, je, amemsaidia au amemnyang'anya? Swali hili nililikuta katika chuo cha ualimu. Uzeeni nimelikuta tena katika karakana ya pamoja, ambamo fundi mmoja huwafundisha vijana wasiowahi kushika randa kuunda magitaa ya umeme. Mimi si fundi. Kazi yangu pale ni kuwasaidia hesabu.

Na hesabu zenyewe zina mafunzo. Chukua gitaa ambalo nyuzi zake, kutoka daraja la juu hadi la chini, zina urefu wa milimita 648. Kipande cha kwanza cha chuma kinachokatiza shingo hukaa kiasi cha milimita 36 kutoka juu. Vinavyofuata huzidi kukaribiana, na cha 12 huangukia katikati kabisa, milimita 324. Mwanafunzi mgeni hupenda kupima kila kipande kuanzia kile kilichotangulia. Akizidisha nusu milimita kila mara, afikapo cha 12 amepotea milimita 6, na gitaa halitaimba sawasawa kamwe. Mwenye busara hupima vyote kutoka mwanzo mmoja.

Binti mmoja alipima kwa njia ile ya kwanza. Fundi aliona, nami niliona. Alama zilikuwa za penseli tu. Alipouendea msumeno, fundi alimwambia, "Mwanangu, kabla hujakata, hebu pima cha kumi na mbili kutoka juu." Alipima, akanyamaza, akafuta zote. Hakuna aliyemwambia kuwa amekosea. Rula ndiyo iliyomwambia.

Wapo watakaosema kwamba mbao ni ghali, na mninga haukui kwa mwaka mmoja. Kwa nini kijana aachwe auharibu? Hoja hii ina uzito. Lakini jibu lake ni kuchagua kazi ambayo kosa lake hurekebishika, wala si mwalimu kushika patasi. Mwaka 1950 Leo Fender wa California, fundi redio ambaye hata kupiga gitaa hakujua, alianza kuuza gitaa la umeme ambalo shingo yake hufungwa kwa skrubu 4. Shingo ikiharibika hufunguliwa ikafungwa nyingine, na kiwiliwili kikabaki salama. Gitaa la namna hiyo linamfaa anayeanza. Na mikato ya kwanza ifanywe kwenye vipande vya mabaki.

Wahenga walisema, mtoto akililia wembe mpe. Nakubaliana nao nusu. Yapo makosa ya mbao, yapo ya mwili, na yapo ya jirani. Msumeno wa umeme ukikata kidole, hakuna somo litakalokirudisha. Hapo mwalimu sharti auzuie mkono, tena upesi. Vivyo hivyo, anayerudisha patasi butu kabatini amemdhulumu atakayeichukua kesho, kwa kuwa vifaa ni vya wote, huyo asinyamaziwe. Lakini kosa la mbao ni mali ya aliyelitenda. Ukilificha kwa mkono wako, umemwibia.

Jaribu kubwa huja wageni wanapotarajiwa. Niliwahi kuona shule moja ambamo vikapu vya maonyesho vilisukwa usiku na walimu. Wageni walivisifu, watoto wakapiga makofi, na kila mtoto alijua. Somo la siku ile lilieleweka vizuri mno: kwamba mtu anaweza kusifiwa kwa kazi ambayo hakuifanya. Watoto waliofuzu somo hilo wakishakuwa wakubwa, tutashangaa nini tukiwakuta maofisini wakitia sahihi taarifa za kazi zisizofanyika?

Basi, mwalimu mwenzangu, mikono ikikuwasha mbele ya kazi ya mwanafunzi, iweke nyuma ya mgongo. Gitaa lake la kwanza litakuwa na makovu. Mwache ajue kila kovu limetoka wapi, ndipo aanze la pili.