RIDHAA YA MPIGWAJI: JE, YAHALALISHA PIGO?

 

Alinijia barazani, baada ya sala ya Alasiri, kijana aliyesoma chuoni kwangu hapa Idete, katika bonde la Kilombero. Ilikuwa siku za mavuno ya mpunga. Akasema: "Maalim, nimeitwa Dar es Salaam nikapigane kwa fedha. Waonaje?" Nikamwuliza ni mapigano gani, akanionyesha katika simu yake.

Niliona watu wawili ndani ya kizimba cha wavu, mikononi wamevaa glavu ndogo zilizoacha vidole wazi, kwani vidole wavihitaji kukamatia. Si mchezo mmoja ule, bali ni michezo mingi iliyotiwa chungu kimoja: ngumi, mateke, viwiko na magoti kwa namna ya watu wa Thailand, ngwala na mieleka, kisha kabali na kupinda viungo, elimu ambayo Wabrazili waliipokea kwa Wajapani. Yule kijana akanieleza kuwa mwaka 1993, huko Denver, Marekani, mtu mwembamba aitwaye Royce Gracie aliwaangusha chini wenye nguvu kuliko yeye akawakaba mmoja mmoja, na tangu hapo hapana mpiganaji awezaye kutosheka na fani moja. Akanitajia na Khabib Nurmagomedov wa Dagestan, aliyestaafu mwaka 2020 hali ameshinda mara 29 wala hajashindwa. "Naye ni Mwislamu, Maalim." Nikamwambia: mwanangu, tendo la Mwislamu si dalili.

Basi jua, ewe ndugu msomaji, kwamba mieleka asili yake si haramu. Samura na Rafii walishindana kwa mieleka mbele ya Mtume kabla ya Uhud, nao ni vijana. Na imepokewa kuwa Mtume mwenyewe alimwangusha Rukana, ijapokuwa isnadi ya khabari hiyo Tirmidhi ameitia kasoro. Walakini kushindania mali katika mieleka, kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu ya Shafii ni kuwa haifai. Na kupiga uso kumekatazwa kwa hadithi iliyo thabiti. Wanavyuoni wa Baraza la Fiqhi la Rabita walipokutana Makka mwaka 1987 waliharamisha ngumi, na mieleka ambayo killa mmoja humhalalishia mwenziwe kumdhuru. Wakaiacha mieleka ya mazoezi isiyo na madhara.

Kijana akanijibu kwa adabu: "Lakini Maalim, sisi tumeridhiana. Yuko mwamuzi. Nyuma ya kichwa hatupigi. Na aliyekabwa akigonga kwa kiganja, mwenziwe humwachia papo hapo. Nitakuwa nimemdhulumu nani?"

Swali hili si jepesi, wala si la kupuuzwa. Watu wetu nao wana mapigano yao ya kuridhiana: Makunduchi, siku za Mwaka Kogwa, hupigana kwa vigogo vya migomba, na Lamu hucheza kirumbizi kwa bakora. Walakini tazama walichokichagua kule Makunduchi: mgomba, kitu laini! Hiyo ni dalili ya kuwa ridhaa peke yake hawakuiona yatosha.

Na mafakihi wetu wamesema: mtu mwenye akili timamu akimwambia mwenziwe, nikate mkono, akamkata, basi hapana kisasi wala dia, lakini dhambi ipo. Kwa nini? Kwa sababu ridhaa huondoa dai la mja, wala haiondoi haki ya Mwenyezi Mungu. Mwili ni amana, na mwenye kuwekewa amana hana ruhusa ya kumwambia mtu, haya, ivunje. Ubongo ukitikiswa kwa ngumi hauulizi kama mwenyewe aliridhia. Ama lile la kugonga kwa kiganja, nakiri kuwa lilinipendeza. Mtu ana roho ya mwenziwe mkononi, na kwa ishara ndogo amwachia! Wangapi miongoni mwetu, tukiwa na hasira, twaweza hayo?

Nilipomweleza haya alinyamaza kitambo. Kisha akasema, naye ameinama: "Maalim, nilipokuwa na miaka tisa ulinipiga kofi la uso kwa kukosa aya. Mimi sikuridhia. Wala hapakuwa na kugonga."

Wallahi, sikuwa na jawabu. Nilikuwa nimesahau, na yeye hakusahau. Nilijitafutia udhuru wa malezi, nikaona haunifai, kwani hadithi niliyomsomea muda mchache kabla haikumtoa mwalimu. Nikamwomba radhi pale pale, akanipa mkono. Siku ya pili niliwaambia wanafunzi kwamba uso wa mtoto haupigwi tena chuoni mwangu, nami nimewaeleza na wazazi, ambao baadhi yao hawakupendezwa.

Mashindano ya fedha nimemkataza, na ngumi za uso pia. Mieleka na mazoezi nimemwachia. Ama kabali ya mazoezi, baina ya wenye kuaminiana, yenye kuachiwa kwa ishara, nimesita. Nimemwandikia mwenzangu aliye mjuzi kuliko mimi, na jawabu lake nalingoja. Yule kijana hajaniambia kama atakwenda Dar es Salaam.