Daktari Ameongea Kirefu

Daktari alichora figo, akachora mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, kisha akapitisha kalamu kutoka figoni hadi chumba cha juu cha moyo, upande wa kulia. Saratani ya baba mkubwa haikuurukia moyo. Ilitambaa ndani ya mshipa kama mzizi uliokuta bomba la maji. Kwa hiyo ingeweza kuvutwa itoke. Figo inatolewa, damu inapitishwa kwenye mashine, mwili unapoozwa hadi nyuzi 18 hivi, moyo unasimama, mshipa unafunguliwa. Kipande kikikatika, kinaziba mapafu.

Akamalizia: katika wagonjwa kumi wa namna hii, mmoja anaweza asirudi nyumbani. Asipopasuliwa, ni miezi tu.

Kazi yangu ilikuwa kumweleza baba mkubwa yote kwa Kifipa. Nilimwambia figo, mshipa, mashine. Yule mmoja katika kumi nilimwacha.

"Daktari ameongea kirefu, wewe umeongea kifupi."

"Ni maneno ya kitaalamu tu, baba mkubwa."

Akakubali.

Nilimjua. Angeuliza ng'ombe wangapi wameuzwa, kisha angedai arudishwe Namanyere siku ileile. Kwenye semina ya uzamili tulimsoma Kant, ambaye mwaka 1797 alikataa kwamba huruma inampa mtu haki ya kusema uongo. Nilimwona mkali mno. Nilijitetea kwamba mimi sikusema uongo, nilinyamaza tu. Lakini mkalimani akinyamaza, daktari naye amenyamazishwa.

Baba mkubwa alipona. Nyumbani wananishukuru, na shukrani hizo ndizo zinazonisumbua, maana angekufa mezani nisingekuwa na la kusema. Kitendo ni kilekile.

Tena si uamuzi tu niliomnyima. Yeye na baba yangu hawajasemezana tangu ugomvi wa mpaka wa shamba. Kwetu anayekwenda mbali huita watu, akasema yake, akasikia yao. Yeye aliingia kule akidhani anakwenda karibu. Hakumwita mtu.

Krismasi nilimkuta uani akichambua maharage. Shikamoo, marahaba. Akaingia ndani, akatoka na karatasi za hospitali ndani ya mfuko wa plastiki, akanisogezea kigoda.

"Nisomee kwa Kifipa," akasema. "Usiruke."