Kusoma Biblia Kila Siku Kwafaa Nini?

Biblia ina sura 1189. Asomaye tatu kila siku, na tano kila Jumapili, huimaliza kwa mwaka mmoja. Nasi tulisoma hivyo, tukajisifia hesabu yetu. Asubuhi moja tukasoma Mambo ya Walawi 19, palipoamriwa mizani ya haki. Kisha tukaenda sokoni Kariakoo. Muuza mchele akakosea, akaturudishia fedha kupita haki yetu. Tukanyamaza, tukaondoka. Tulipofika Mnazi Mmoja, ile mizani ya asubuhi ikatulemea moyoni, tukarudi, tukamlipa.

Basi kusoma kwafaa nini, ikiwa hakukutuzuia kuanguka? Kulitufupishia njia ya kurudi. Ndugu, tusiache kusoma; lakini tukihesabu sura, tuhesabu na madeni yetu.